Orlando na Bibi: tulivyolipia foleni, na siku tulizogoma

Jumatano, bado tuko Atlanta

Saa moja kamili asubuhi mi na baba watoto tuko mezani, kila mtu na simu yake, maana Jumamosi tunaingia Magic Kingdom, moja ya bustani za burudani za Disney huko Orlando, Florida, na sisi tusiolala kwenye hoteli za Disney tunaruhusiwa kubuku michezo ya kupanda siku tatu kabla, saa moja asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani. Wanaolala kwenye hoteli zao wanaanza siku saba kabla, tena wanabuku siku zao zote kwa mpigo, kwa hiyo sisi tukifika saa nzuri za asubuhi nyingi zimeshaondoka.

Ngoja nieleze inavyokwenda, maana ndugu wengi wananiuliza na mi mwenyewe ilinichukua muda kuielewa. Tiketi ya kuingia ni kitu kimoja, na kwa 2025 ya siku moja ilianzia dola 119 na Magic Kingdom siku zenye watu wengi ilifika 199. Hiyo inakuingiza getini na kukupa haki ya kupanga foleni. Sasa juu yake kuna Lightning Lane Multi Pass, unalipa kwa kila kichwa kuanzia mtoto wa miaka mitatu, mkubwa na mdogo bei moja, na bei inapanda na kushuka kufuatana na siku na bustani. Ya Jumamosi yetu ilikuwa dola 29 kabla ya kodi. Ukishalipa unachagua michezo mitatu, ila si yoyote unayotaka, wameigawa makundi mawili, kwenye kundi la ile inayogombaniwa unachukua mmoja tu na miwili inatoka kundi la pili. Kila mchezo unapewa saa yako ya kufika, labda saa nne hadi saa tano, unapita njia ya pembeni wengine wakiwa wanasubiri. Ukimaliza kutumia mmoja unabuku mwingine, na hivyo hivyo mpaka jioni. Na michezo mikubwa kabisa haimo humo, ile inauzwa mmoja mmoja, inaitwa Single Pass. Pale Magic Kingdom ni TRON, rola kosta yaani gari la reli linalopanda na kushuka kwa kasi, na treni ya Seven Dwarfs.

Mama yangu, yaani bibi yao watoto, amekuja kutoka Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, tangu Aprili na hii safari kwa kweli tumeipanga kwa ajili yake na wajukuu. Alikuwa anamenya ndizi pale jikoni anatusikiliza tu, mwishowe akauliza, "Mwanangu, si mlishalipa kiingilio?" Nikamwambia tumelipa mama, hii ni ya kutosubiri sana. Akauliza tena, "Na wale wasiolipa hii ya pili?" Nikasema wao wanasubiri. Akaitikia "haya" akaendelea na ndizi zake, na mi nikabaki na lile swali lake wiki nzima.

Tukanunua kwa wote sita. Nilitaka siku moja angalau tuwe pamoja, Bibi asibaki kwenye benchi analinda mabegi. Dola 174, na kodi ikawa kama 185. Peter Pan tukaipata saa nne na nusu, Haunted Mansion saa sita, Pirates of the Caribbean mchana. TRON tukachukua kwa watatu, baba watoto na wale wakubwa wawili, maana sharti lake ni urefu wa inchi 48 na wa mwisho ana miaka minne tu.

Ijumaa, barabarani

Tumetoka saa kumi alfajiri, I-75 kushuka kusini moja kwa moja. Saa moja asubuhi ilitukuta Tifton, tukaingia kituo cha mafuta, si kwa ajili ya mafuta, ni kwa ajili ya kubuku ya Jumatatu, bustani nyingine ya Disney, Hollywood Studios. Watoto wamelala, Bibi anasali rozari kimya kimya kiti cha nyuma, sisi vidole kwenye simu. Slinky Dog Dash, mchezo unaogombaniwa kule, tumeipata ila ya saa kumi na moja jioni, ya asubuhi hata haikuonekana.

Njiani baba watoto aliniuliza zamani ilikuwaje na nikamsimulia nilichosoma, maana nimeifuatilia hii habari sana. Kulipia mchezo mmoja mmoja si jambo la leo. Disneyland ya California ilipofunguliwa 1955 ulikuwa unalipa mlangoni halafu unalipia kila mchezo, na mwaka ule ule zikaja kuponi za michezo, zikapangwa kwa herufi kuanzia A, na 1959 ikaongezwa E ambayo ndo ilikuwa ya michezo mikubwa. Mfumo ule ulikufa 1982, kikabaki kiingilio kimoja cha michezo yote. Sasa mtu anaweza kusema basi tumerudi kule kule, lakini mi naona hapana, tena nasisitiza hapana, kwa sababu ile kuponi ya E ilikununulia mchezo tu, foleni mlipanga wote, tajiri na wa kawaida bega kwa bega. Haikukupitisha mbele ya mtu yeyote.

Halafu 1999 wakaleta FastPass. Unaingiza tiketi yako kwenye mashine, inakutolea karatasi yenye saa ya kurudi, bure, kila aliyeingia getini anayo. Baadaye Florida wakaihamishia kwenye simu na zile bangili za kielektroniki, unabuku michezo mitatu mapema, wa hotelini siku 60 kabla na wengine siku 30, bado bure. Ikaja korona, bustani zikafungwa Machi 2020, na zilipofunguliwa FastPass haikurudi. Agosti 2021 wakatangaza kwamba kitu kama kile kile kitauzwa, kinaitwa Genie+, kwa Florida dola 15 kwa mtu kwa siku, kikaanza Oktoba mwaka ule. Watu walikasirika mno, ile video ya tangazo ilijaa dole gumba la chini. Na pamoja na hasira zote wakanunua! Februari 2022 kampuni yenyewe ilisema zaidi ya theluthi moja ya wageni wa bustani za Marekani walinunua hiyo au pasi ya mchezo mmoja mmoja, na kipindi cha sikukuu ikavuka nusu. Kuanzia Julai 2024 jina likawa hili la Multi Pass, na kubuku siku kadhaa kabla kukarudi. Disney ya Paris walishaanza kuuza ya kwao 2021, Tokyo 2022. Kwa hiyo usifikiri ni ugonjwa wa Florida peke yake.

Tumefika Kissimmee saa saba mchana, hoteli ya kawaida barabara ya 192, ina jiko dogo, Bibi kafurahi atapika.

Jumamosi, Magic Kingdom

Kabla hatujatoka, saa moja asubuhi, simu tena. Ya Jumanne, Animal Kingdom, bustani yao yenye wanyama. Huko tumekubaliana hatununui Multi Pass, ila mchezo mmoja, Flight of Passage, tukachukua Single Pass kwa watatu, dola 18 kila mmoja.

Kupaki tulilipa dola 30, halafu kutoka maegesho unapanda feri kuvuka ziwa au ile treni ya juu, tukachagua feri kwa sababu Bibi alitaka upepo. Pale getini tukamkodia kiti cha magurudumu, dola 12 kwa siku, magoti yake hayawezi kutembea kutwa na jua la Juni la Florida si la kuchezea.

Peter Pan sasa. Ubao wa foleni ya kawaida unaonyesha dakika 75. Sisi tukagusisha tiketi kwenye nguzo, taa ikawaka kijani, tukapita. Ile njia ya kulipia inapita pembeni kabisa ya waliosimama, unawaona nyuso, wana watoto mabegani, wana vifeni vya mkononi, na wao wanakuona. Bibi pale kwenye kiti chake akaanza kuwaambia "poleni, poleni jamani", mmoja baada ya mwingine, njia nzima, kwa moyo wake wote. Mama mmoja wa kizungu hakujua kasema nini lakini akamshika mkono akatabasamu. Mtoto wangu wa kati, ana miaka minane, akaniuliza kwa sauti, "Mama, kwa nini sisi tunapita?" Nikamjibu kwa sababu tumelipa zaidi. Akauliza, "Wao hawana hela?" Nikamwambia wengine hawana, na wengine wanazo ila hawakutaka. Sikuwa na jibu lingine la kumpa na hilo ndo la kweli. Ila nilitamani aliulize sehemu nyingine, asiulizie mbele ya mtoto mwenzake aliyekuwa ametukodolea macho.

Mchezo wenyewe dakika chache tu, ile meli inaning'inia juu ya London usiku taa zinawaka chini, Bibi kaweka mkono mdomoni muda wote. Wa mwisho alitaka kurudia na haiwezekani, kwa Multi Pass mchezo mmoja ni mara moja kwa siku, ukitaka tena kapange foleni.

Nataka niseme ukweli mtupu hapa, inafanya kazi. Mpaka saa nane mchana tulishapanda vitu ambavyo kwa foleni ya kawaida vingekula siku yote. Lakini kuna bei nyingine haiandikwi popote, nayo ni kichwa cha mtu mmoja. Kwetu alikuwa mimi. Ukigusa tu mchezo mmoja inabidi pale pale ubuku mwingine kabla nafasi hazijasogea mbele, unasimama katikati ya watu unatelezesha kioo, hii saa tisa, hapana iko mbali, hii saa nane inagongana na chakula. Gwaride likapita, nimelisikia muziki tu. Watoto wananiita mama angalia mama angalia, nasema subiri kidogo. Nimekuja likizo nafanya kazi ya mtu wa kupanga ratiba za mabasi.

Saa tisa radi zikaanza, Florida majira haya karibu kila mchana ni hivyo, na radi zikiwa karibu michezo ya nje yote inasimama. Tulikuwa tumebuku gari za Tomorrowland Speedway, zikafungwa, na kwenye simu ikaingia pasi mbadala ya kutumia mchezo mwingine baadaye bila kubanwa na saa. Hiyo wameipanga vizuri na nawapongeza.

Mvua ikatubana kibarazani pamoja na familia ya Kiingereza kutoka Leeds, na hapo ndo nikapata mazungumzo ya maana ya siku nzima. Baba wa familia alikuja 2019 akabuku kila kitu miezi miwili kabla bila senti ya ziada. Safari hii wako wanne kwa wiki mbili, akapiga hesabu ya Multi Pass kwa siku zote ikamzidi nauli ya mtu mmoja ya ndege, akakataa. Anasema kinachomuuma si kusubiri, kusubiri alizoea, kinachomuuma ni kwamba hawezi tena kujua foleni yake itakwenda kasi gani kwa sababu mbele yake wanaingizwa watu asiowaona. Mkewe hakukubaliana naye hata kidogo. Yeye kasema angelipa, tena mapema, kwa sababu wakati wa bure ilikuwa vita vilevile vya alfajiri na aliyechelewa kuamka alikosa, angalau sasa hela inapunguza wagombeaji. Wamebishana mbele yetu kwa upendo kabisa, na mi naona wote wawili wana hoja, ila yule baba alinigusa zaidi.

TRON walipanda usiku wale watatu, wamerudi wanatetemeka kwa raha. Na treni ya Seven Dwarfs, ambayo hatukuilipia, tulipanga baada ya fataki watu walipoanza kuondoka, tukasubiri si muda mrefu sana, wa mwisho akiwa amelala begani kwa baba yake na akaamka mlangoni kabisa. Inchi 38 ndo sharti, yeye ana 39. Alicheka mpaka kikohozi.

Jumapili, mapumziko

Misa asubuhi, halafu bwawa la kuogelea la hoteli. Bibi kapika machalari kwa ndizi alizozipata duka la Wakaribi, harufu imejaza korido.

Pale bwawani tumekaa na dada mmoja wa Puerto Rico anayeishi New Jersey, wao wametoka Universal, bustani za kampuni nyingine hapa hapa Orlando. Kule ni mtindo mwingine, wanauza Express, haina saa ya kubuku, unafika muda wowote unapita, na ukilala kwenye hoteli zao tatu za juu unapewa bure kwa zile bustani mbili za zamani. Bustani yao mpya, Epic Universe, ilifunguliwa tarehe 22 Mei 2025 na wakati ule watu walikuwa bado wanaisongamania. Anasema Express ni ghali kuliko ya Disney lakini hakuishika simu siku nzima, na kwake hilo lilistahili kila dola. Disney nao wana kitu cha hivyo tangu mwishoni mwa Oktoba 2024, kinaitwa Premier Pass, kilipotangazwa kilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku kufuatana na bustani, juu ya tiketi. Zidisha hiyo kwa sita wewe mwenyewe.

Ana mtoto mwenye usonji, na alinieleza kuhusu DAS, ule utaratibu wa bure wa kusubiri nje ya foleni kwa wasioweza kuvumilia kusimama mle ndani. Mei 2024 Florida waliubana, ukalengwa zaidi kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji na mfano wa huo. Mtoto wake anaupata. Lakini watu wengi wenye maradhi mengine waliokuwa wanautegemea walipiga kelele sana, na nawaelewa, maana ukishawekewa bei kwenye kutosubiri, kila mlango wa bure unaanza kutazamwa kwa jicho la mashaka, huyu kweli mgonjwa au anakwepa kulipa? Na mgonjwa wa kweli ndo anabaki kujieleza.

Jumatatu, Hollywood Studios

Leo tumegawanyika. Multi Pass tulinunua kwa wanne, baba watoto na watoto watatu, dola 27 kila mmoja, mi nikabaki na Bibi kwa makusudi, nilitaka asiwe peke yake na nilitaka pia nione upande wa pili. Rise of the Resistance, ule mchezo mkubwa wa Star Wars, tukanunua Single Pass kwa watatu, dola 23 kila mmoja, wa mwisho hajafika inchi 40 kwa hiyo akawa na sisi.

Basi mi na Bibi na wa mwisho tukaingia foleni ya kawaida ya treni ya Mickey na Minnie, haina sharti la urefu na haina mshtuko mkubwa. Ubao unasema dakika 50. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri tu, tunasogea, kuna kivuli, Bibi kapata rafiki, mzee wa Kimeksiko na kofia yake, hawaelewani lugha ila wanaonyeshana picha za wajukuu. Halafu tukafika pale njia mbili zinapokutana. Kuna kijana amesimama na kishikwambi, anaruhusu njia ya kulipia, anaruhusu, anaruhusu, anaruhusu, anatuinulia mkono, wanapita wachache wetu, anatusimamisha, anarudi kule. Waliokua Dar watakumbuka Ubungo kabla ya daraja la juu, trafiki anaita upande wa Morogoro Road mpaka wewe wa Mandela unazima gari. Hivyo hivyo. Na yule kijana hana kosa lolote, anafuata maelekezo, wa kulipia aliahidiwa saa yake lazima itimizwe. Ila hapo ndo nilielewa swali la mama yangu la Jumatano. Kiti kwenye treni ni kile kile, treni haijaongezwa hata behewa moja. Dakika alizookoa mtu wa kule zimetoka kwetu huku. Jumamosi zilitoka kwa yule mtoto aliyenikodolea macho.

Watu wa foleni ya kawaida wanasemaje? Nimesikiliza. Wengi hawasemi kitu, wanaguna tu kundi kubwa likipitishwa. Baba mmoja kutoka Ohio alinung'unika kwa sauti kwamba amelipa zaidi ya dola elfu kuingiza familia yake halafu anafanywa raia wa daraja la pili. Dada aliyekuwa nyuma yetu akamjibu, si ungenunua. Kimya kikali kikapita. Kabla ya 2021 hayo majibizano yasingekuwepo, mtu angelaumu jua, angelaumu msongamano, asingemlaumu jirani.

Saa kumi na moja Slinky Dog, wanne wetu wakapita, mi na Bibi tukasimama uzioni tukiwapungia mkono. Wa mwisho alikuwa analia kabla kwamba anataka Bibi aje, alivyoshuka analia anataka kurudia. Bibi kamwambia, "Mjukuu wangu, nimekuona ukiwa juu kule, umepunga mkono kama rais." Akanyamaza.

Jumanne, Animal Kingdom

Tumefika kabla ya kufunguliwa, na hii ndo bustani ninayomwambia kila mtu usinunue Multi Pass kama unaweza kuamka. Michezo si mingi, na asubuhi ile saa ya kwanza foleni ni fupi. Tukaenda moja kwa moja Kilimanjaro Safaris.

Kufika huko unapita kijiji kinaitwa Harambe, wamekijenga kama mji wa pwani yetu, kuta zimechubuka kama za Lamu, kweli waliosanifu chini ya Joe Rohde walitembea Afrika Mashariki kabla ya kujenga na inaonekana. Mabango ya Kiswahili kila kona. Bibi alikuwa anayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, watoto wangu ambao nyumbani nawabembeleza kusoma Kiswahili nao wakaanza kushindana naye. Nimefurahi hadi koo limekaza.

Foleni ya kawaida ilikuwa robo saa hivi. Lori la wazi, dakika kama 18, twiga wanasimama katikati ya barabara mpaka dereva anazima, tembo, vifaru, simba kajilaza juu ya mwamba. Mibuyu mingine ni ya kutengeneza lakini wanyama ni wa kweli na asubuhi wanatembea. Tulipotoka Bibi akauliza mlima uko wapi. Nikamwambia hapa mama hakuna mlima, ni jina tu. Akaangalia ile sehemu ya bustani inayoitwa Asia, kuna rola kosta ya Expedition Everest, mlima mkubwa una theluji ya rangi, akasema, "Ule wa wenzetu wameujenga mzima. Wa kwetu wameandika tu." Kwa mtu anayeamka kila siku akiiona Kibo dirishani, naona ana haki ya kuuliza. Ila aliomba turudie safari ile, tukarudia, na saa sita ubao wake ulishafika dakika 60.

Hapo hapo Harambe tumesikia mtu anaita watoto kwa Kiswahili cha Nairobi, tukasalimiana kwa kelele, ni familia inaishi Dallas. Wao wamenunua kila kitu kila bustani. Yule baba akaniambia, "Dada, mimi niko na leave ya siku chache tu mwaka mzima, nafanya kazi mbili, siwezi simama kwa laini saa nzima na watoi wangu. Hiyo time ndio nalipia." Sikuwa na la kumpinga. Mtu anayeuza saa zake mwaka mzima akinunua mbili tatu za kukaa na wanawe, mi nitamsemaje? Hapa ndo napotofautiana na wanaowatukana wanunuzi. Kosa si la aliyenunua. Ninachodai mimi ni kwamba kila tiketi ya kuingia ingekuwa na michezo miwili ya kubuku ndani yake, bure, kama ilivyokuwa miaka ishirini na zaidi, wanaotaka zaidi ndo wauziwe. Teknolojia ipo, ni ile ile, na hela ya kiingilio haikushuka walipoondoa.

Mchana Flight of Passage, nimepanda mimi na wakubwa wawili. Unakaa kama juu ya pikipiki, kiti kinapumua chini yako, unaruka juu ya bahari na maporomoko, harufu ya maji inakupiga usoni. Nimelia. Foleni ya kawaida ilikuwa zaidi ya saa moja na nusu na kwa Bibi anayetusubiri kwenye kivuli na mtoto wa miaka minne, zile dola 18 sizijutii.

Jumatano, kurudi

Baba watoto kashika usukani, mi napiga hesabu. Multi Pass mbili na Single Pass zote tatu pamoja na kodi, karibu dola 500. Kwa shilingi za nyumbani Tanzania inakaribia milioni moja na laki tatu, na hapo hujagusa tiketi, hoteli wala mafuta. Bibi aliposikia hakugomba, aliuliza tu kama ile ya treni ya Mickey, tuliyosimama naye, imo. Nikamwambia ile haimo mama, ile tulisubiri. Akasema ile ndo aliyopata rafiki.

Karibu na Macon shemeji yangu wa Columbus, Ohio akapiga, wao wanaenda Agosti na mapacha wa miaka sita, anataka nimwambie anunue nini. Nimemwambia hivi: Magic Kingdom nunua Multi Pass, shule za Georgia na nyingi za kusini zinafunguliwa mwanzoni mwa Agosti kwa hiyo nenda wiki ya pili au ya tatu, bei na watu vyote vinapungua. Amka saa moja kamili siku tatu kabla, Peter Pan kwanza. Hollywood Studios nunua kama mapacha wanaitaka Slinky kweli kweli, wapime urefu kabla hujalipa. Animal Kingdom usinunue, kuwa getini kabla ya kufunguliwa, safari kwanza. Simu muachie mtu mmoja asubuhi na mwingine mchana, mpokezane. Akaniuliza, na mama mkwe wake mwenye miaka sabini anunuliwe? Nikamwambia muulize yeye mwenyewe kwanza kama anataka kupita au anataka kukaa na watu. Akasema atamuuliza leo usiku kisha anipigie.